Mbwa Mwoga na Nyumba Itakayomfaa

Katika kila makao ya wanyama waliookolewa yupo mbwa ambaye mgeni hamwoni. Wenzake hukimbilia wavu wakibweka na kutikisa mikia, ilhali yeye amejibana kwenye kona ya nyuma, mkia ameufyata na uso ameuelekeza ukutani. Mgeni humchagua aliyemlamba mkono, hutia sahihi, huondoka. Yule wa kona hubaki. Siku zikipita, hofu yake haipungui, maana kelele za mbwa wengi usiku na mchana si dawa ya hofu. Na pale ambapo nafasi ni haba na chakula ni cha kupimwa, mbwa wa namna hii huwa miongoni mwa wa kwanza kufikiriwa inapolazimu kupunguza idadi.

Huenda ndugu msomaji akauliza: jarida la polisi lina shughuli gani na mbwa mwoga? Shughuli ipo. Tuchukue mfano. Mtu amemwokota mbwa upande mmoja wa mpaka, akampa shemeji yake wa upande wa pili ili amlindie kibanda cha biashara. Mbwa hajachanjwa, hana cheti, na amefungwa mnyororo kando ya njia ya watoto waendao shule. Siku ya tatu anamuuma mtoto wa jirani. Shemeji anasema mbwa si wake, amepewa tu amtunze. Aliyempa anasema alikwisha kumtoa mikononi mwake. Na mama wa mtoto amesimama kati ya serikali mbili, hajui apeleke malalamiko wapi wala chanjo ataipata upande gani. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mkazi wa Busia, Malaba, Mutukula au Elegu ataona kwamba haukubuniwa kutoka mbali.

Kiini cha mkasa wa namna hiyo aghalabu ni dhana moja isiyo sahihi. Wengi wetu hatutafuti mbwa wa kubembeleza, tunatafuta mlinzi. Basi tukimwona mbwa anayekenua meno na kurukia kila anayepita, tunasema: huyu ndiye. Na tukimwona aliyejikunyata, tunasema: huyu hafai kitu. Kumbe mara nyingi wote wawili wana hali moja. Mbwa mwoga akiwa mbali nawe hujificha, ukimkaribia asipokuwa na pa kukimbilia, hukenua meno, ukizidi, huuma. Tofauti kati ya yule wa kona na yule wa wavuni yaweza kuwa hatua tano tu za umbali. Wanaofunza mbwa wa polisi wanalijua jambo hili vizuri: mwanambwa anayechaguliwa kwa kazi hiyo ni yule anayesikia kishindo kisha akakisogelea kukichunguza. Anayetetemeka huachwa, maana hofu haifunziki kuwa ulinzi. Mbwa mwoga hamtofautishi mwizi na mjukuu wako.

Hofu hiyo hutoka wapi? Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wako mbwa ambao habari yao ni hiyo: walipigwa mawe sokoni, walimwagiwa maji ya moto jikoni, waligongwa na pikipiki. Lakini si wote. Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanambwa waliolelewa ndani ya uwanja wenye ua mrefu. Baadhi walipewa wiki moja ya kuzoeana na watu wakiwa bado wadogo, katika umri mbalimbali. Wengine hawakuzoeshwa watu kabisa hadi wiki ya 14. Hao wa mwisho hawakuwa wamepigwa wala kuteswa na yeyote, na bado walikuwa kama wanyama wa mwituni mbele ya binadamu. Dirisha la kuzoea dunia hufunguka kwa mwanambwa mnamo wiki ya tatu na huanza kufungwa mnamo wiki ya 12 hadi ya 14. Mbwa aliyezaliwa nyuma ya ghala la nafaka, asiguswe na mkono wa mtu miezi mitatu ya kwanza, atawaogopa watu hata kama hakuna aliyemkosea. Kwa hiyo tusimwulize tu mwenye makao, "Nani alimtesa huyu?" Tuulize pia alizaliwa wapi na aliokotwa akiwa na umri gani. Aliyekuwa na watu wake kisha akatendwa vibaya ana kitu cha kurudia. Yule ambaye hakuwahi kuwa na mtu anaanza tangu mwanzo, na safari yake ni ndefu zaidi.

Lugha ya mbwa mwenye hofu haina sauti nyingi, na ndiyo maana watu hawaisikii. Hulamba midomo ilhali hakuna chakula. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hugeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana. Hulaza masikio nyuma, huinua mguu mmoja wa mbele, huhamishia uzito wake nyuma kana kwamba ardhi ya mbele inateleza. Kisha huganda. Kuganda huku ndiko kunakowahadaa watoto, na watu wazima pia: mbwa ametulia, basi amekubali kushikwa. La, hajakubali. Baada ya kuganda hufuata kunguruma, na baada ya kunguruma hufuata meno.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hawataki kulisikia. Mbwa akinguruma, asipigwe. Kunguruma ni hisani anayokufanyia; anakupa nafasi ya kurudi nyuma. Mbwa aliyechapwa kila alipong'uruma hujifunza kunyamaza, wala hajifunzi kutoogopa. Siku ya kuuma atauma kimya, na majirani watasema amemuuma mtoto bila sababu na bila onyo. Onyo lilikuwepo, lilikwisha kufutwa kwa fimbo.

Sasa tuje kwenye nyumba. Kosa la kawaida la wenye makao na la wasamaria wema ni kumtoa mbwa kwa wa kwanza aliyeomba, kwa kuwa aliyeomba ni mmoja tu. Mbwa mchangamfu huweza kustahimili kosa hilo. Mbwa mwoga hawezi. Akirudishwa mara mbili tatu, kila nyumba mpya humkuta na hofu kubwa kuliko iliyotangulia. Afadhali akae mwezi mmoja zaidi akisubiri nyumba itakayomfaa.

Nyumba inayomfaa si lazima iwe ya tajiri. Nyumba ya bibi na babu wanaoishi kando ya kijiji, penye ua wa michongoma usio na matundu, inaweza kumfaa kuliko jumba la ghorofa lililopakana na kituo cha malori. Kinachotafutwa ni utulivu, ua usiopenyeka, watu wachache wanaoingia na kutoka kwa saa zinazojulikana, na mtu mmoja angalau ambaye hana haraka. Watoto wadogo hukimbia, hupiga kelele, na uso wao uko sawa na meno ya mbwa. Kwa mbwa mwoga sana, nyumba yenye mtoto wa chini ya umri wa shule si mahali pake, hata wazazi wawe wema kiasi gani. Lakini nyumba yenye mbwa mwingine mtulivu aliyekwisha kuzoea watu mara nyingi ni baraka. Mwoga humtazama mwenzake akimsogelea mtu, akipewa chakula, asidhurike, naye hupata ushahidi ambao hakuna maneno ya binadamu yangeweza kumpa.

Anayekuja kuomba mbwa aulizwe anataka mbwa wa nini. Akisema anataka mlinzi wa duka au ghala, na mbwa aliyepo ni mwoga, jibu la haki ni kumkatalia kwa heshima na kumweleza sababu. Aulizwe pia mbwa atalala wapi, nani atabaki naye mwenye nyumba akisafiri kwenda upande wa pili kwa biashara, na kama mwenye kiwanja amekubali. Mlezi wa makao naye asifiche kitu. Kumwita mbwa mwoga "mpole" ili achukuliwe ni sawa na kumuuzia mtu pikipiki isiyo na breki kwa kuisifu rangi yake.

Mfano wa utaratibu mzuri uko hapa kwetu. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, shirika la The BIG FIX Uganda lina mradi wa mbwa wa faraja uitwao The Comfort Dog Project, unaowakutanisha mbwa waliokosa makazi na watu waliojeruhiwa nafsi na vita vilivyoisumbua kanda ile kwa takriban miaka 20. Anayejulikana sana katika mradi huo ni Bwana Francis Okello Oloya, ambaye akiwa mtoto wa miaka 12 alipofuka bomu lililofukiwa shambani lilipolipuka alipokuwa akilima. Ameeleza kwamba katika shule ya bweni, safari ya kwenda chooni usiku ilikuwa mtihani kwake, na mbwa wa pale shuleni ndio waliomsindikiza. Katika mradi huo mbwa huchunguzwa afya na tabia kwanza, huchanjwa na kuhasiwa. Mtu naye hufunzwa: namna ya kumlisha, kumwita, kumgusa, na kutambua hali yake. Baada ya kukutanishwa hawaachwi. Hufuatiliwa, na mtu huahidi kumtunza mbwa huyo maisha yake yote. Sisemi kwamba kila mbwa mwoga angefaa kazi ya kumfariji mtu. Linalofaa kuigwa ni mpangilio: mtu hutayarishwa kabla ya mbwa kuvuka kizingiti chake. Na labda kuna jambo jingine la kutafakari. Watu ambao usiku hushtushwa na mlango ukifungwa kwa kishindo wamekuwa walezi wema wa viumbe wanaoshtuka vivyo hivyo, kwa kuwa hawahitaji kuelezwa.

Siku mbwa anapofika nyumbani ndiyo siku ya hatari kubwa ya kutoroka. Mbwa mwoga hurudi nyuma ghafla na kuvua ukanda wa shingo kama mtu avuavyo kofia. Kwa hiyo asafirishwe ndani ya kreti au kikapu kilichofungwa imara, au awe na kamba mbili, moja shingoni na nyingine ya kupita kifuani, wala zisifunguliwe hadi lango limefungwa. Tusimpakate juu ya bodaboda hata kama safari ni ya dakika kumi.

Apewe chumba kimoja au kona moja yenye kificho: sanduku lililolazwa, meza iliyofunikwa shuka, kibanda chenye mlango mdogo. Humo asifuatwe na mtu. Maji na chakula, hata kama ni posho iliyochanganywa na mukene, viwekwe saa zilezile na mtu yuleyule. Mtu huyo akae chini, ubavu ukimwelekea mbwa, asimkazie macho, arushe kipande cha chakula kisha atazame kwingine. Hilo tu, kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Mkono usinyoshwe juu ya kichwa chake. Siku atakayosogea mwenyewe na kunusa viatu, mtu abaki vilevile, asishangilie. Wageni waliosikia habari za mbwa mpya waombwe kungoja. Ni kinyume cha desturi zetu za ukarimu, nakubali, lakini majirani wakielezwa huelewa.

Wenye makao wengi duniani hutumia kipimo cha siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za mshtuko, wiki tatu za kuanza kuzoea ratiba, miezi mitatu za kuhisi kwamba hapa ni kwake. Kipimo hicho ni cha uzoefu, hakikutoka maabara, na kwa mbwa mwoga sana miezi mitatu yaweza kuwa mwanzo tu. Faida yake ni kwamba humzuia mtu kukata tamaa siku ya nne.

Mnyororo nao tuuseme. Kiumbe mwenye hofu ana njia mbili, kukimbia au kupigana. Ukimfunga umemnyang'anya ya kwanza, ukamwachia ya pili. Mbwa mwoga aliyefungwa njiani, ambapo watoto humrushia vijiti kwa mchezo, anafundishwa kuuma kila siku. Ikibidi afungwe kwa muda, afungwe ndani ya ua, mbali na njia, penye kivuli na maji. Uganda, Kenya na Tanzania zote zina sheria zinazokataza ukatili kwa wanyama. Ya Tanzania ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumpiga mbwa au kumnyima chakula na maji ili "awe mkali" ni kosa, na matokeo yake humfika mtu ambaye hakuwa na habari.

Kuhusu kichaa cha mbwa, hakuna nafasi ya mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na karibu asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, tiba karibu hakuna. Kwa hiyo mbwa asitoke makaoni bila chanjo na bila cheti kinachoonyesha tarehe. Kinga huhitaji wiki kadhaa kujengeka mwilini, na ugonjwa waweza kujificha ndani ya mbwa kwa wiki au miezi kabla ya kujitokeza. Ndiyo sababu mbwa aliyeokotwa leo barabarani hafai kukabidhiwa familia kesho.

Watu huuliza: nitajuaje kama mbwa wangu ni mwoga au ni mgonjwa? Hofu ina historia. Mbwa aliyekuwa akijificha tangu siku ya kwanza na anayeendelea kula na kunywa, huyo ni mwoga. La kuogofya ni badiliko. Mpole aliyegeuka mkali ghafla. Mwoga aliyegeuka ghafla kuwafuata watu asiowajua. Sauti iliyobadilika, taya lililolegea, mate yanayotiririka, kushindwa kumeza, kuyumba miguu ya nyuma. Huyo asikaribiwe. Afungiwe lango ikiwezekana bila kumgusa, na afisa wa mifugo aitwe mara moja.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, akamilishe dozi zote atakazopangiwa. Pilipili, majani, na mafuta ya gari visipakwe. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira ikiwa anaweza kufungiwa salama: daktari wa mifugo humchunguza kwa siku 10, na akibaki mzima baada ya siku hizo, jambo hilo humpa daktari wa binadamu habari yenye thamani kubwa. Hapa ndipo mpaka unapotutia taabani. Mbwa akivushwa upande wa pili usiku ili mwenyewe akwepe lawama, mtoto aliyeumwa amenyimwa habari hiyo. Polisi wa pande zote mbili wangependa kuletewa taarifa ya mbwa mahali alipo kuliko kuletewa kesi ya nani alimficha.

Vivyo hivyo kwa anayetaka kumpa mbwa nyumba ng'ambo ya mpaka kwa nia njema. Apitie kituo rasmi, akiwa na cheti cha chanjo, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha nchi anayoingia. Masharti na siku zinazotakiwa baada ya chanjo aulize ofisi ya mifugo ya upande anaokwenda kabla ya kupanga safari. Njia za panya hazimfai hata mbwa.

Na ikiwa nyumba imeshindikana, mbwa arudishwe alikotoka. Kumwachilia sokoni usiku, au kumfungulia ng'ambo ya mto akajitafutie, ni kumgeuza mbwa mwoga kuwa mbwa mwoga mwenye njaa kati ya watu elfu moja. Anayemrudisha aandike, hata kwa mistari michache, aliyoyaona: saa gani alikula vizuri, sauti gani ilimtisha, nani alimkaribia akakubaliwa, kama aliwahi kuuma na kwa sababu gani. Karatasi hiyo ikabidhiwe mlezi wa makao pamoja na cheti cha chanjo. Mtu atakayekuja baadaye kumwangalia yule wa kona ataisoma kwanza.